Uwanja Usiowekwa Punje

Kazi yangu ni kupanga ardhi. Watu wakisikia hivyo hudhani mimi ndiye ninayegawa ploti, na hapo hapo hunivuta kando kuniuliza kama kuna moja iliyobaki. Hapana. Mimi hukaa na kipande cha nchi kabla hakijajengwa, nikajaribu kuona maji ya mvua yatapita wapi, mama mwenye mtoto mgongoni atakatiza wapi kwenda kliniki, na vijana watapigia mpira wapi bila kuvunja vioo vya watu. Si kazi ya ajabu. Yeyote anaweza kujifunza, mradi akubali kutembea sana, na kusikiliza zaidi ya anavyotembea.

Mwaka mmoja nilikabidhiwa kambi. Ilikuwa kambi ndogo ya jeshi upande wa Gilgil, si mbali na pale Kikopey ambapo magari husimama kwa nyama choma. Wanajeshi walikuwa wamehamishiwa kwingine zamani kidogo, na ardhi ikarudishwa kwa raia ili ipate nyumba za bei nafuu, kliniki, shule ya chekechea na soko. Nilitoka nyumbani Kiamunyi asubuhi na mapema, na nilipofika lango la kambi, upepo ulikuwa tayari umeanza kuinua lile vumbi jeupe la huko, vumbi laini kama unga, linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi.

Nyumba iliyohamwa naijua. Mtu akishatoka, inakuwa ya panya, kisha ya mchwa, kisha ya majirani wanaohitaji mabati. Kambi haikuwa hivyo. Kambi ile ilikuwa bado inatii amri. Chokaa ilikuwa imebanduka kwenye mawe ya kando ya barabara, lakini mstari wa mawe ulikuwa umenyooka kama siku ulipopangwa. Nyumba za familia zilisimama bega kwa bega, namba zake zikisomeka mlangoni, na hakuna aliyekuwa amegusa bati hata moja. Nguzo ya bendera ilikuwa imeondolewa. Kilichobaki ni tofali la zege lenye tundu katikati, na ndani ya tundu maji ya mvua yasiyokauka.

Jioni ya kwanza nilikuwa nimesimama nje ya lango nikingoja gari. Barabara ilikuwa na watu: mwanamke mwenye mzigo wa kuni, kijana wa bodaboda, mlevi mmoja aliyekuwa akiimba. Ghafla wote wakasimama. Mlevi akaacha wimbo katikati. Kijana akazima pikipiki na kuweka mguu chini. Mwanamke alibaki na kuni zake kichwani, macho mbele. Kisha wakaendelea na safari.

Kila Mkenya anaujua usimamaji ule. Saa kumi na mbili jioni, filimbi ikilia na bendera ikishushwa, unasimama pale pale ulipo. Nilimwendea yule kijana.

"Boss, mbona mmesimama?"

"Ni saa kumi na mbili, madam."

"Lakini bendera haiko."

"Najua haiko," akasema, akawasha pikipiki.

*

Sasa nieleze ninavyofanya kazi, kwa sababu jambo lote linaanzia hapo. Mikutano ya hadhara siiamini sana. Mkutanoni husema wanaume wenye sauti, na mwenye shida ya kweli hukaa nyuma akimnyamazisha mtoto. Kwa hiyo mimi huchora ramani kubwa, nikaitandaza sakafuni, nikawapa watu nafaka. Mahindi ni nyumba. Maharagwe ni kliniki na shule. Njugu ni soko. Ndengu ni miti na mahali pa kupumzika. Kila mtu huingia na viganja vyake, akaweka punje pale anapotaka kitu kiwe. Hakuna hotuba. Ukimaliza, ramani inakuonyesha mioyo ya watu vizuri kuliko hotuba yoyote.

Tulikutana Jumamosi katika ukumbi ambao wanajeshi waliuita mesi, walikokuwa wakila chakula. Walikuja watu wengi kutoka vijumba vya kukodi vinavyozunguka kambi na kutoka mashamba ya juu. Wengi ni watu wa magharibi mwa Kenya kama mimi, watoto na wajukuu wa waliokuja kufanya kazi reli na viwandani, wasiwahi kurudi. Kulikuwa na vicheko. Mzee mmoja alikaa na njugu zake kwa muda mrefu akifikiri, na kabla hajafikiri vya kutosha, zikawa zimekwisha.

"Mzee, si umekula soko letu lote!" akapiga kelele mama mmoja.

"Nalionja kwanza," akasema. "Siwezi kuweka soko sijui utamu wake."

Mama huyo aliyempigia kelele alikuwa na watoto wadogo wawili. Aliweka mahindi yake yote mahali pamoja, rundo, kama anayepanda. Aliniambia chumba anachokodi kiko bondeni, na mvua ikinyesha maji meupe huingia mlangoni, watoto wakalala juu ya meza. "Mimi sina mambo ya miti," alisema. "Nipe ukuta usiolowa."

Jioni nilibaki na mpima ardhi, kijana wa kazini kwetu ninayemheshimu kwa utulivu wake. Tulisoma ramani. Punje zilikuwa kila mahali: kwenye nyumba za familia, kwenye gereji, hata juu ya korongo, ambako hakuwezi kujengwa. Katikati palikuwa na mraba mtupu. Ulikuwa uwanja wa gwaride. Hapakuwa na punje hata moja, wala ndengu iliyobingirika kwa bahati mbaya.

Nikafurahi. Niseme ukweli, nawe ungefurahi. Katika kazi yetu mahali pasipogombewa ni zawadi. Upande mmoja wa kambi kuna korongo, upande wa pili kulikuwa na uwanja wa shabaha ambao ulikuwa haujasafishwa mabaki ya risasi, na nyumba za familia zilikuwa na watu waliokuwa wakiziomba tayari. Uwanja wa gwaride ulikuwa tambarare, umeshindiliwa na miguu ya miaka mingi, hautuamishi maji. Nikachora pale safu za kwanza za nyumba. Ndipo ukuta usiolowa, nikajiambia. Ndipo pa yule mama na watoto wake.

Nilikuwa nimeona njia ya miguu inayopita kambini, nayo ningepaswa kujiuliza. Ilikuja moja kwa moja kutoka langoni, ikafika ukingoni mwa uwanja, ikapinda, ikauzunguka wote na kuendelea ng'ambo. Watu wenye ndoo za maji kichwani walikuwa wakiongeza safari ili wasikanyage pale. Niliiona, nikadhani ni mazoea tu ya kuogopa askari.

*

Tulipigilia vigingi. Kigingi kwetu ni kijiti chenye rangi nyekundu kichwani, kinachoonyesha kona ya nyumba itakapokuwa. Kesho yake tulivikuta vimeng'olewa. Vigingi kung'olewa si habari. Watu hutaka kuni. Lakini hivi vilikuwa vimelazwa nje ya mawe meupe, kimoja kando ya kingine, vichwa vyekundu upande mmoja.

Tukapigilia tena. Tukavikuta tena vimelazwa, kwa mpangilio ule ule.

"Madam," mpima ardhi akaniambia kwa sauti ya chini, "kazi nitafanya. Lakini hapa sirudi peke yangu."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Ndiyo maana."

Nilimwelewa. Ukisimama katikati ya uwanja ule, hata mchana wa jua kali, ulihisi umefika umechelewa. Hivyo tu. Kama umeingia chumba ambamo watu wametoka punde hii, na joto lao bado liko kwenye viti.

Mara ya tatu tulimkuta anayeng'oa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, naye hakujificha. Nilimjua: ndiye mama aliyeuza chai na mandazi nje ya lango. Kila mtu alimwita mathe, yaani mama. Alikuwa mwongeaji mkubwa, anayewatania waendesha bodaboda mpaka wakalipa kabla ya kunywa. Sasa alikuwa ameinama, shuka limefungwa kiunoni, anatikisa kigingi kushoto na kulia.

"Mathe, habari ya kazi?"

"Kazi ndiyo hii unaona. Nang'oa."

"Na kwa nini unang'oa vigingi vyetu?"

"Kwa sababu nyinyi hamchoki kupanda."

Mpima ardhi akacheka, kwa nafuu nadhani, ya kuona mtu mwenye mikono. Mathe akamkazia macho. "Wewe cheka. Kesho njoo unywe chai kwangu na hayo meno."

Nikamwomba tukae. Hakukubali kukaa ndani ya uwanja. Tulitoka mpaka nje ya mawe, tukaketi chini, tukiutazama. Nilimweleza mpango wangu polepole, nyumba zitakaa vipi, nani atazipata. Alisikiliza vizuri. Kisha akanyoosha mkono.

"Hapa ndipo walisimama. Asubuhi ile wanapelekwa ng'ambo ya mpaka, vitani. Walipangwa tatu tatu. Sisi mabibi tuliambiwa tusivuke haya mawe. Bwanangu alikuwa pale, wa pili kutoka mwisho. Mimi naona kofia tu. Halafu akageuza kichwa, na hiyo hairuhusiwi. Akanitafuta mpaka akanipata. Mimi nikamfanyia hivi." Akapunga mkono kwa ukali, kama anayefukuza kuku. "Namwambia angalia mbele, utafokewa. Akaangalia mbele."

Mkono akaurudisha mapajani.

"Sijamwona tena. Walikuja kuniambia hajulikani alipo. Mwili hakuna, viatu hakuna. Na si wangu peke yangu."

"Pole, mathe." Kisha, kwa kuwa nilitaka kweli kujua: "Siku ile ya punje, mbona hakuna aliyesema?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto mdogo, ila kwa upole. "Si tulisema? Hatukuweka kitu."

*

Kwa msomaji asiyezijua mila za kwetu, nifafanue kidogo, maana bila hili hutaelewa kilichokuwa kikimsumbua. Kwa watu wengi wa magharibi, mtu akifia mbali, mwili peke yake hautoshi. Lazima ndugu waende mahali alipoangukia, wamwite kwa majina yake, wamwambie twende nyumbani. Wengine huchukua udongo, wengine hubeba tawi lililokatwa bomani kwao. Anayelibeba tawi haongei na mtu njiani wala hageuki nyuma, mpaka afike. Tunaenda kanisani, tunaimba, tunatoa fungu la kumi, na bado ukipita barabara ya Salgaa, njia ya kwenda magharibi, baada ya ajali utaona watu wa familia wamesimama ukingoni wakiita jina kuelekea nyasi. Mwili usipopatikana kabisa, huzikwa mgomba mahali pake. Lakini hata mgomba hauzikwi kabla mwenyewe hajaitwa. Na kama hujui alikoangukia, utamwita wapi? Utamwita pale aliposimama mara ya mwisho akiwa na watu wake.

Kwa mathe, mahali hapo ni uwanja wa gwaride.

"Ndugu zake wananipigia simu kila wakati," aliniambia. "Wanasema twende tumwite, ukoo una mtu anatangatanga. Mimi nakataa. Nikimwita, nimekubali. Gari halijafika Salgaa, mimi tayari ni mjane."

Ndiyo maana alikuwa hajaondoka. Nyumba ya kambini ilipochukuliwa, alikodi chumba kinachotazama lango, akaweka meza ya chai mahali ambapo yeyote anayeingia lazima ampite. Alikuwa hataki kumwita, na alikuwa hataki mahali pa kumwitia papotee. Mpango wangu ulikuwa unamlazimisha kuchagua. Greda likishapita na msingi ukachimbwa, mahali pale hapatakuwepo tena.

Nilimwambia nitaona la kufanya, na nilijaribu. Nilikwenda nyumbani nikachora upya. Niliegemeza nyumba upande wa korongo, nikaona zitaliwa na mvua ya kwanza kubwa. Nilifikiri kuhusu uwanja wa shabaha, lakini hakuna mzazi anayepaswa kulea mtoto juu ya ardhi yenye mabaki ya risasi. Nikarudi kwa mathe na wazo nililolipenda: nusu ya uwanja iwe bustani, katikati jiwe zuri lenye majina ya waliotoka hapo wasirudi.

Alikuwa anachovya mandazi kwenye mafuta. Hakuinua kichwa.

"Jiwe ni la mtu aliyekufa," alisema. "Umeona nimenyoa mimi? Umeona nimevaa nguo nyeusi?"

"Hapana, mathe."

"Basi peleka jiwe lako kwingine."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinywa chai akaangalia ndani ya kikombe chake. Hata yeye alijua.

Wiki hiyo ikanyesha. Nilipita bondeni nikamwona yule mama mwenye watoto anaondoa maji kwa sufuria, maji meupe, mazito kama uji, na mtoto wake mdogo amekaa juu ya meza anacheza na kijiko. Alinisalimia vizuri. Hakuniuliza nyumba zimefika wapi. Angeniuliza, ningepumua.

Nikarudi langoni na kumwambia mathe ukweli, maana mtu mzima hudanganywa na adui yake tu. Nikamwambia siwezi kuuacha uwanja mtupu milele. Nikamwambia naweza kumngoja, naweza kupanga kazi ianzie kwingine, kwenye maji na barabara, lakini siku itafika.

Akafuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Nikuulize," akasema mwishowe. "Nyumba zikijaa pale, akija, atajua pa kuingilia?"

Nimesoma, nimechora miji midogo, nimewaeleza watu wengi mambo mengi, lakini hilo sikufundishwa. Badala ya kumjibu nikamsimulia kitu.

Nilikulia nyumba za reli, Nakuru mjini. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Kaka yake alifia barabarani nikiwa msichana mdogo, na watu wazima walikwenda kumwita, nami nikachukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kubaki nami. Sikumbuki maneno. Nakumbuka shangazi yangu kwenye kiti cha nyuma wakati wa kurudi. Alikuwa amekumbatia tawi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa umezunguka hewa, kwenye nafasi iliyoachwa wazi kati yangu na yeye. Gari likipiga kona, mkono ule ulikaza. Nilijibana mlangoni njia nzima ili nisimwegemee asiyeonekana. Na nakumbuka hili zaidi: sikuogopa. Nilihisi tumejaa.

Mathe alisikiliza mpaka mwisho. Akageuza mandazi yaliyokuwa yanaanza kuungua. "Shangazi yako alikuwa na mkono mzuri," alisema. Hayo ndiyo maneno yote.

Siku chache baadaye nilisikia amempigia simu shemeji yake mwenyewe, kabla hajapigiwa.

*

Walifika alasiri na probox ya kukodi, gari dogo la abiria na mizigo. Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa mwanamume mnene mwenye koti la Jumapili, na alionekana kuona haya.

"Madam, mimi ni mzee wa kanisa," aliniambia kabla sijamwuliza. "Mchungaji akiuliza, nimekuja kusalimia shemeji."

"Nami nimekuja kupima ardhi," nikamwambia, akashukuru.

Tawi alilileta limefungwa kwenye gazeti, majani bado mabichi. Akaenda mpaka kwenye mawe meupe. Nyuma yetu watu walikuwa wamekusanyika bila kualikwa: wanawake wa maji, vijana wa pikipiki, yule mzee aliyekula soko. Hakuna aliyevuka mawe. Shemeji akaita. Ana sauti nzuri, ya kuanzisha nyimbo. Aliita majina yote ya ndugu yake, ambayo sitayaandika, la nyumbani, la babu, la ubatizo. Sauti ikaenda mpaka ng'ambo ya uwanja, ikagonga ukuta wa mesi, ikarudi peke yake.

"Si mimi anayemtazama," shemeji akasema kwa unyonge. "Ni wewe."

Mathe akachukua tawi. Akavua kandambili, akavuka mawe. Alitembea bila kusitasita, kama mtu anayekwenda kwenye kiti chake kanisani, akafika mahali fulani upande wa kulia, akasimama. Wa pili kutoka mwisho. Upepo ulikuwa ukivuta shuka lake. Nilianza kufikiri atarudi, nami sikujua nilitaka lipi, arudi au aite.

Kisha akaanza kumgombeza.

"Wewe! Nilikwambia uangalie mbele, sikukwambia uende jumla. Umekaa huko unafanya nini? Chai nimepika mpaka sufuria imetoboka. Nimehamishwa nyumba, hujaniuliza nimekwenda wapi. Ndugu yako amenenepa, muone pale, amevaa koti lako."

Shemeji akalishika koti kifuani.

"Sasa wanataka kujenga hapa. Nyumba za watu na watoto wao. Hakuna nafasi ya kusimama tena, umesikia? Twende. Geuka." Na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo, ya ndani ya nyumba. "Geuka uniangalie. Leo sikufukuzi."

Upepo ulinyamaza. Sisemi ulinyamaza kwa sababu hiyo. Upepo wa Gilgil hunyamaza unapotaka. Nasema tu nilichoona. Mathe aligeuka, akaanza kurudi kwetu, tawi mkononi, macho mbele, na midomo imefungwa. Watu wote kando ya mawe walikuwa wamesimama wima, mikono imenyooka, kama saa ya bendera. Mpima ardhi alikuwa mbele yangu kidogo. Mathe alimpita kushoto. Na baada ya mathe kupita, kijana yule mtulivu akasogea hatua moja nyuma, upande wa kulia, akainamisha kichwa, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Sikumwuliza alimpisha nani. Hajawahi kuniambia.

Langoni dereva alikuwa ametumia muda wake vizuri. Alikuwa amenunua gunia la viazi barabarani, na amelipakia kwenye kiti cha nyuma.

"Toa hilo," shemeji akamwambia.

"Boss, si kiti kiko bure?"

"Hakiko bure."

"Kwani kuna mwingine? Naona wawili tu."

Shemeji, mzee wa kanisa, akajifunga kifungo cha koti. Mathe hakuruhusiwa kusema. Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila dereva wa barabara ile alisimama na tawi lake, akamtazama dereva, kisha gunia, kisha dereva. Kijana wa bodaboda akapita katikati yao, akalibeba gunia begani.

"Viazi vyako nitaviweka chini ya meza ya chai ya mathe," akamwambia dereva. "Wewe endesha pole pole. Na ufunge huo mlango mwingine vizuri, mtu asianguke."

Dereva akatazama kiti. Akatutazama sisi. Akafunga mlango ule taratibu sana, kwa mikono miwili.

Gari likaondoka kuelekea Nakuru, na Salgaa, na magharibi. Niliona mkono wa mathe kupitia kioo cha nyuma, umezunguka nafasi iliyo wazi kando yake. Hakugeuka.

Baada yake walikuja wengine. Hatukutangaza, habari zilikwenda zenyewe. Familia baada ya familia, wakaja na matawi au mifuko ya kubebea udongo, wakaita, wakaenda. Tulianza na maji na barabara kama nilivyoahidi, na greda likangoja kando. Siku moja wakaacha kuja, na sikuwa na njia ya kujua kama wamekwisha, au kama kuna mmoja ambaye hana wa kumwita. Nalifikiria hilo hadi leo, ninapopita kwenye safu zile na kuona nguo za watoto zimeanikwa. Yule mama wa bondeni anakaa pale. Ukuta wake haulowi.

Lakini jioni ile ya mathe, nilikuwa nimefika Kiamunyi, nimevua viatu, natoa vumbi jeupe miguuni, simu ikalia. Ilikuwa sauti yake, imekwaruza kwa kukaa kimya.

"Tumefika," akasema.

"Mmefika salama?"

"Salama. Ila bwanangu alikataa kushuka." Nikasikia watu nyuma yake, wengi, na mtu akilia, na mwingine akipanga viti. "Gari limesimama bomani, mlango umefunguliwa, nami nahisi bado amekaa tu. Ndugu zake wakaanza kuita tena. Nikawaambia mwacheni. Nikakaa naye kidogo humo ndani ya gari."

"Kisha?"

"Kisha nikampa mkono, tukashuka," akasema.